Aliyeumwa na nyoka: uzi kuhusu kiwewe, mwili na maswali tunayowauliza manusura

Kiti_cha_Nyuma

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo naushusha, utakavyokuwa na uwe.

Miaka sita iliyopita nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma cha gari lililopinduka. Nilitoka na mkono uliovunjika, basi. Mfupa ukaunga, nikarudi kazini. Watu walinipa pole, wakanipa hongera, kisha wakasahau, na ni haki yao. Mwezi wa nne baada ya ajali nimesimama kwenye foleni, mtu wa nyuma yangu akaangusha funguo sakafuni. Nilijikuta nimechuchumaa, mikono kichwani, jasho linanitiririka mgongoni, foleni nzima imenigeukia.

Aibu iliisha siku hiyo hiyo. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba sikuwa nawaza ajali hata chembe. Mawazo yangu yalikuwa kwenye fomu niliyoishika mkononi. Mwili ulichuchumaa kwanza, mimi nikaukuta huko chini.

Ilinichukua muda mrefu kung'amua sababu. Gari lilipotulia, matairi juu, kulikuwa na ukimya mzito, na ndani ya ukimya ule sauti ilikuwa moja tu: shada la funguo likiyumba kwenye swichi na kugongana.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Toka utotoni nilidhani methali hii inawacheka waoga. Isomeni tena polepole. Haisemi kwamba akiona ung'ongo *hudhani* ni nyoka. Inasema *hushtuka*. Kushtuka kumetangulia, kudhani kuko njiani kunakuja.

Na ndivyo ubongo unavyofanya kazi. Ndani kabisa, kila upande, kuna kijisehemu chenye umbo la lozi kinachoitwa amigdala. Ni mlinzi wa getini. Akihisi hatari anapiga kengele papo hapo: adrenalini inamwagika, moyo unaenda mbio, damu inakimbilia kwenye misuli, tumbo linasimamisha kazi. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopima mambo na kuamua, hupata taarifa kamili baadaye kidogo. Mlinzi huyu hana subira, na kwa kweli hatakiwi kuwa nayo. Angekuwa anasubiri ushahidi, binadamu tungeshaisha.

Shida inaanzia kwenye kutunza kumbukumbu. Jirani wa amigdala ni hipokampasi, anayesaidia kulipa tukio mahali pake na wakati wake: lilitokea pale, siku ile, likaisha. Hofu ikizidi sana, kazi hiyo huvurugika. Mlinzi anaandika kila kitu kwa wino mzito, sauti, harufu, mwanga, lakini karani wa tarehe hayupo mezani. Ndiyo maana kumbukumbu ya kawaida tunaisimulia kama jambo lililopita, ila ya kiwewe humjia mtu kama jambo linalotokea sasa hivi.

Kuna kisa cha mwaka 1911 sichoki kukisimulia. Daktari mmoja wa Uswisi, Édouard Claparède, alikuwa na mgonjwa, mwanamke asiyeweza kutunza kumbukumbu mpya. Kila walipokutana ilibidi ajitambulishe upya. Siku moja daktari akaficha pini kiganjani, akampa mkono, akamchoma. (Jaribio lenyewe halina heshima, hilo tukubaliane.) Kisa kizima kikafutika kichwani mwa yule mama. Lakini daktari alipomnyooshea mkono tena, mama akauvuta wake nyuma. Alipoulizwa sababu hakuwa nayo. Pini haikuwepo kwenye akili yake, ila mkono ulikuwa unaijua.

Hoja yangu basi ni hii. Maswali tunayowauliza manusura, "mbona ni zamani?", "kwa nini huachi?", "kwa nini hukukimbia?", tunayapeleka kwa mtu asiyehusika. Tunamuuliza anayefikiri, wakati aliyetenda ni mlinzi, na mlinzi hajui kusema. Naomba kuwasilisha.

Msomaji_Tu

Nimeweka kambi hapa.

Mzee_wa_Hoja

Umeandika vizuri, kijana, na pole kwa ajali. Lakini mimi nitasema wanachoogopa wengine kusema. Siku hizi kila kitu trauma. Kaachwa na mchumba, trauma. Kafeli mtihani, trauma. Bosi kamfokea, trauma. Sisi tumelelewa kwa fimbo na tumekua. Na wazee waliotutangulia walipigana vita kuu mbili wakarudi wakalea familia. Hakuna aliyechuchumaa kwenye foleni.

Mtoto_wa_Askari

Mzee wa Hoja, shikamoo kwanza.

Walichuchumaa, Mzee. Ila walioandika historia walikiita kitu kile kwa majina mengine. Mwaka 1915, vita ya kwanza ya dunia ikiendelea, daktari wa jeshi la Uingereza aitwaye Charles Myers alichapisha kwenye jarida la Lancet habari za askari waliotetemeka, waliopoteza uwezo wa kuona vizuri, waliosahau, bila jeraha la kuelezea hali hiyo. Ugonjwa ukaitwa mshtuko wa makombora, kwa kudhani kwamba mlipuko umetikisa ubongo. Kisha wakaanza kuonekana askari wenye dalili zile zile ambao hawakuwahi kuwa karibu na mlipuko. Hapo baadhi ya wakubwa wakaamua kwamba ni woga tu.

Jeshi hilo liliwapiga risasi askari wake 306 katika vita ile kwa makosa kama kutoroka na kuonyesha woga. Wote 306 walisamehewa na serikali yao mwaka 2006, miaka tisini baadaye, kwa sababu ilikubalika kwamba baadhi yao walikuwa wagonjwa na hakuna aliyewasikiliza. Kwa hiyo tukisema wazee wa zamani hawakuwa na haya mambo, tukumbuke kwamba wengine hawakupewa nafasi ya kurudi kulea familia.

Jina tunalotumia leo, PTSD, yaani ugonjwa wa kiwewe kinachobaki baada ya tukio la kutisha, liliingia kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya kelele za wanajeshi waliotoka Vietnam na za watu waliokuwa wakihudumia wanawake waliobakwa. Askari msituni na mwanamke chumbani, dalili zinafanana.

Marehemu baba yangu hakuwahi kukaa mgongo wake ukielekea mlango. Hata msikitini alitafuta ukuta. Tulimcheka sana tukiwa wadogo.

Kiti_cha_Nyuma

Mtoto wa Askari, hiyo ya ukuta imenigusa.

Mzee, nikujibu kwa haki, maana sehemu moja una hoja nzito. Neno limechakaa kwa kutumiwa hovyo. Kuachwa kunauma, kufeli kunauma, lakini maumivu si lazima yawe kiwewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kama 70% hupitia angalau tukio moja la kutisha maishani, na kwamba waliowahi kupata PTSD ni kama 3.9% ya watu wote duniani. Yaani wengi wanapigwa na dunia, wanayumba wiki kadhaa, wanatulia. Mlinzi anapiga kengele, kisha anazima mwenyewe. Tunayemzungumzia hapa ni yule ambaye kengele yake imekwama.

Ila kwenye fimbo hapo naomba tutofautiane. Mwaka 1998 Vincent Felitti na Robert Anda, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti wa watu wazima zaidi ya 9,000 huko Marekani. Waliwauliza mambo ya utotoni: kupigwa, kutukanwa, kuingiliwa, kuona mama akipigwa, kuishi na mlevi, na mengineyo. Kadiri mtu alivyokuwa na aina nyingi za mateso hayo, ndivyo uwezekano wa sonona, ulevi na kujaribu kujiua ulivyopanda alipokuwa mtu mzima. Hata ugonjwa wa moyo. Ni uwezekano, si hukumu; wengi walipita salama. Lakini "tumekua" si kipimo, Mzee. Hata mti uliogongwa ukiwa mche hukua.

Mzee_wa_Hoja

Marahaba. Ya wale 306 sikuyajua. Naendelea kusoma, ila hoja yangu ya neno kuchakaa naiacha palepale.

Nesi_wa_Zamu

Mtoa mada umetutendea haki. Niongezee kidogo ninayoyaona kazini.

Watu wengi wanajua ndoto mbaya na kushtuka. Hizo zinaonekana. Dalili inayojificha ni kuepuka. Mtu anabadilisha njia ya kwenda kazini, haendi tena harusini, hapokei simu za rafiki fulani, na kila mara ana sababu nzuri. Ndugu wanasema amekuwa na maringo. Kumbe anazunguka ung'ongo. Tatizo ni kwamba kila anapozunguka anapata nafuu, na nafuu ile inamfundisha mlinzi kwamba kweli pale palikuwa na nyoka. Eneo la kuishi linapungua mwaka hadi mwaka mpaka linabaki chumba kimoja.

Nyingine ni ganzi. Haonyeshi huzuni, haonyeshi furaha. Anamtazama mwanawe akicheza na hasikii kitu, halafu anajichukia kwa kutosikia kitu. Hapa ndipo pombe inapoingia. Kwa watoto sura ni tofauti kabisa: aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena, au anacheza mchezo ule ule wa tukio mara mia bila kuufurahia.

Kwa muda, wataalamu huanza kuita hali hii PTSD ikiwa imepita mwezi mmoja na bado inavuruga maisha. Wiki za mwanzo kuweweseka ni jambo la kutarajiwa. Kiwewe na kuweweseka, masikioni mwangu ni ndugu wa tumbo moja. Na kuanzia mwaka 2022 mwongozo mpya wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unatambua pia kiwewe changamani, kile cha mateso ya muda mrefu yasiyo na mlango wa kutokea, kwa mfano utumwa, au miaka ya kupigwa nyumbani. Huyu, juu ya dalili za kawaida, hujiona hana thamani na hushindwa kabisa kukaa karibu na watu.

Mwenye mawazo ya kujidhuru asisubiri uzi uishe. Aende kituo cha afya leo, na asiende peke yake.

Sauti_Iliyobaki

Nimesoma toka juu. Yangu sitasimulia. Nasema tu kwamba sikupiga kelele, sikukimbia, sikumpiga. Nililala kama ubao. Na kila ofisi niliyoingia baada ya hapo niliulizwa swali hilo moja. Mwisho nikaanza kujiuliza mwenyewe. Mlinzi wangu mimi alikuwa wapi?

Nesi_wa_Zamu

Dada yangu, pole. Mlinzi wako alikuwepo, na alifanya kazi.

Tumezoea kusikia kwamba mbele ya hatari mtu hupigana au hukimbia. Kuna njia ya tatu, kuganda, na haichaguliwi. Mwili ukiona kupigana hakuwezekani na kukimbia hakuwezekani, unaweza kufunga kila kitu: misuli haitii, sauti haitoki, mtu yuko macho lakini hawezi kunyanyua hata kidole. Wanyama wengi wako hivyo pia wakishikwa.

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa Sweden uliofanywa kwa wanawake 298 waliofika kliniki baada ya kubakwa. Saba kati ya kila kumi walieleza kuganda kwa kiwango kikubwa. Na walioganda ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na PTSD miezi sita baadaye. Nadhani unajua kwa nini: juu ya tukio lenyewe wanabeba lile swali.

Waliokuuliza ofisini walipaswa kujua hili kabla ya kukaa kwenye viti vile.

Sauti_Iliyobaki

Saba kati ya kumi.

Sikujua.

Baba_Mapacha

Wakuu mimi ni msomaji wa kimya, leo nauliza. Mke wangu alijifungua kwa shida sana mwaka jana, damu nyingi, tulikaribia kumpoteza. Yeye mzima, watoto wazima. Lakini si yule. Mara hataki tuwashe taa ya chumbani usiku, tunagombana, mimi napenda kusoma. Mara anakataa kwenda kliniki, nawapeleka watoto mimi. Nikimwambia mshukuru Mungu mko hai ananiangalia kama mtu asiyenijua. Je, kujifungua kunaweza kuleta haya? Na je, nimkalishe chini anieleze yote ili yamtoke?

Kiti_cha_Nyuma

Kunaweza, kaka. Mtu aliyeona kifo chake anahesabika, haijalishi kwamba siku hiyo hiyo nyumba ilipata baraka. Tena baraka ndiyo inayomnyima ruhusa ya kusema. Atalalamikaje wakati wote wanapiga vigelegele?

La pili, usimkalishe. Kulikuwa na wakati wataalamu wenyewe waliamini hivyo: mara tu baada ya tukio, mkutanishe mtu na mshauri, atapike yote kwa kikao kimoja. Tafiti zilipokusanywa na kupimwa pamoja ikaonekana kikao kile hakizuii PTSD, na kwa wengine kilizidisha. Shirika la Afya Duniani halishauri tena. Mwongozo wao wa mwaka 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia una maneno matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama yuko salama na anahitaji nini. Sikiliza akitaka kusema, na asipotaka kaa naye. Muunganishe na msaada. "Mchimbe" haimo.

Baba_Mapacha

Lakini bila kusema atapona vipi?

Kiti_cha_Nyuma

Kusema kupo, ila kwa mpangilio, na mtu aliyesomea, na breki anashika mwenyewe mgonjwa. Niseme yangu.

Mshauri wangu hakuanza na ajali. Wiki mbili za mwanzo tulifanya pumzi tu, na kujifunza kusema kwa sauti nilipo: hiki ni kiti, huu ni ukuta, leo ni Jumanne. Niliona upuuzi. Kisha akaniambia nisimulie siku ile toka asubuhi, kwa mpangilio, nikiwa nimefumba macho, kwa wakati uliopo. Mara ya kwanza nilitapika. Tukarudia kikao kilichofuata, na kilichofuata. Kikao cha tano akaniambia nije na funguo. Zikakaa mezani. Kikao cha sita akazisukuma kidogo kwa kalamu.

Kinachofanyika pale si kufuta. Ni kumrudisha karani wa tarehe mezani akiwa na mlinzi chumba kimoja, ili mlinzi asikie funguo na gari lisipinduke. Asikie tena, lisipinduke tena. Mara ya ishirini anachoka. Mimi nilisikia kabisa siku alipochoka. Nilipiga miayo.

Nesi_wa_Zamu

Hahaha, miayo ni matokeo mazuri.

Njia ni zaidi ya moja, Baba Mapacha. Ipo hiyo aliyopitia mtoa mada. Ipo ya kuchambua zile imani zinazoota baada ya tukio, "ni kosa langu", "hakuna pa kuamini". Ipo inayoitwa EMDR, iliyobuniwa na Francine Shapiro miaka ya mwisho ya 1980, ambapo mtu anakumbuka huku macho yakifuata kidole kwenda na kurudi. Inasikika kama mazingaombwe, na wataalamu bado wanabishana kama yale macho ndiyo yanayofanya kazi au ni kule kukumbuka kwa usalama. Lakini wagonjwa wanapona, na inapendekezwa rasmi.

Mimi ninayoipenda ni ya masimulizi. Kamba inalazwa sakafuni, huo ndio uhai wako toka kuzaliwa. Unaweka ua palipokuwa na jema na jiwe palipokuwa na baya. Halafu mnatembea juu yake pole pole, kikao kwa kikao, na kila jiwe linapata kilichokuwa kabla yake na kilichokuja baada yake. Ilipimwa kambini Nakivale, Uganda, kwa wakimbizi wa Rwanda na Somalia, matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Waliotoa tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa jamii ile ile waliofunzwa kazi hiyo, na ilisaidia. Kwa hiyo msiambiwe kwamba tiba hii ni ya matajiri wenye makochi.

Dawa zipo pia, zile za sonona kama setralini, daktari akiona zinafaa. Vidonge vya usingizi na vya kutuliza vya jamii ya diazepamu msijipe wenyewe. Vinazima kengele usiku mmoja, na mtu anabaki navyo.

Mzee_wa_Hoja

Nesi, na sisi wa umri huu? Kamba yetu ni ndefu.

Nesi_wa_Zamu

Itakunjwa sehemu, Mzee. Hakuna umri uliopitwa.

Mzee_wa_Hoja

Nitakutafuta faragha.

Baba_Mapacha

Nimerudi, zimepita siku nne. Nimetafuta mshauri kwenye hospitali nyingine, si ile. Mke wangu amekubali kwenda wiki ijayo, amesema nimsubiri nje ya mlango, nisiende mbali.

Ya taa nimeielewa jana usiku. Nilikuwa nimelala chali upande wake wa kitanda, nikatazama juu. Taa yetu ni nyeupe, ya mviringo, iko sawasawa na mahali kichwa chake kinapolala. Nikakumbuka chumba cha upasuaji nilichokiona mlango ulipofunguliwa.

Sikumuuliza kitu. Nilisema tu, nizime? Akasema zima. Leo nimenunua taa ndogo ya mezani, ya manjano, nimeiweka upande wangu.